Kuuza jumla na reja reja duka moja mtandaoni, ila usimharibie soko mwenye duka wa mkoani

Kwa wale wanaouza vifaa vya michezo mtandaoni na wanawaza wafungue kurasa mbili, ya jumla na ya reja reja, mi msimamo wangu ni duka moja tu. Mzigo mmoja, stoku moja, bei mbili. Ukitenganisha utajikuta unauza mpira uleule mara mbili, huku kijana kalipia Instagram, huku mwalimu wa michezo wa Morogoro naye katuma hela, na stoo umebaki mmoja.

Kwenye website mteja wa kawaida anaona bei ya reja reja, mwenye duka anajisajili, unamhakiki, akiingia na akaunti yake anaona ya jumla. Shopify na WooCommerce, mifumo ya kufungulia duka mtandaoni, zote unaweza kuziseti hivyo. Weka na kiwango cha chini, tuseme mipira kuanzia dazani, chini ya hapo bei inarudi ya kawaida.

Jezi ndo zinataka akili. Seti ya timu imeshapigwa namba, ukimuuzia mtu ile namba 10 peke yake seti imekufa, hakuna kocha atakayeichukua tena, kwahiyo seti isajili kama bidhaa inayojitegemea na jezi za moja moja ziwe mzigo mwingine kabisa. Mipira ya jumla isafiri bila upepo, inakaa mingi kwenye boksi la kupakia basi, ila wa reja reja mjazie kabisa na umuulize anayechezea ni nani, maana namba 5 ni ya wakubwa, watoto wa miaka 8 hadi 12 wanataka namba 4, na wadogo zaidi namba 3.

Sasa kinachoniuma mimi ni hizi ofa. Mwenye duka wa Mbeya kachukua mipira kwako, kalipia na usafiri, halafu wikiendi unapost ofa ya reja reja inayokaribia bei aliyonunulia yeye, na wateja wake wana simu, wanaona! Huyo ndo anakutolea mzigo msimu wa UMITASHUMTA na UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi na sekondari, shule zikianza kuagiza. Reja reja inakupa hela ya kila siku, bando na boda, sawa, lakini haimalizi maboksi. Ofa peleka kwenye viatu vilivyobaki saizi moja moja, na kama lazima ushushe bei ya mpira basi mpigie simu mapema amalize kwanza wa kwake.