Kusi Mgongoni, Mlima Usoni

Ukimwambia mtu wa Malindi kwamba unakwenda kupanda milima kwa baiskeli, atakuuliza kama unahamia Taita. Kwetu ardhi ni sinia. Baiskeli nyingi za hapa hazina gia, breki zenyewe ni za kubahatisha, na hakuna anayelalamika, maana kutoka Shela hadi Maweni hukutani na mteremko wa kukutisha. Mimi ni mzaliwa wa hapa. Marafa, kijiji chenye korongo la mchanga kaskazini mwetu, nimekwenda mara nne kwa gari, na mara zote nne ningekula yamini kwamba njia imetandazwa kama mkeka. Gari lina hila hiyo: linakupandisha kilima huku umesinzia.

Safari hii nilikwenda kwa miguu yangu mwenyewe. Baiskeli ilikuwa ya mtumba, ya mashindano, yenye gia kumi na nne na tairi nyembamba hivi kwamba binamu yangu, siku nilipoileta nyumbani, aliizunguka mara mbili akaniuliza, "Hii ni baiskeli au miwani?" Yeye ana ile nyeusi ya chuma, ya keria pana, inayobeba gunia la mkaa bila kuguna. Alikataa kufuatana nami. Alisema mtu mzima haendi Marafa kutafuta jasho, jasho lipo hapa hapa.

Ulikuwa mwezi wa nane, kusi, upepo utokao kusini, bado inavuma. Kwa mwendesha baiskeli wa pwani hiyo ndiyo hesabu ya kwanza kabla ya maji na kabla ya chakula. Barabara ya kwenda Garsen inaelekea kaskazini, kwa hiyo asubuhi kusi inakupiga mgongoni nawe unajiona bingwa. Deni lake utalilipa jioni. Nililijua hilo, na nilifanya kama sikulijua.

Niliondoka baada ya sala ya alfajiri nikiwa na mahamri matano na mbaazi tumboni. Mji ulikuwa haujaamka ila kwa wauza maziwa na tuktuk moja iliyokuwa ikikohoa. Kufika daraja la Sabaki kulikuwa kumepambazuka. Nikasimama, kama asimamavyo kila mtu. Mto huu huku kwetu ni Sabaki, juu ya hapo ni Galana, na ukiufuata zaidi, hadi karibu na Nairobi, utakuta unaitwa Athi. Njia yote hiyo unakwangua udongo na kuuleta kwetu. Mvua zikinyesha bara, bahari ya Malindi inageuka rangi ya chai ya maziwa, na mchanga unazidi kulundikana ufukweni mpaka kuna nyumba zilizojengwa kando ya maji ambazo leo unatembea kweli kweli kabla ya kulowesha kisigino. Asubuhi ile mto ulikuwa mdogo, mwekundu, umetulia. Nilitazama upande wa mlangoni kwake, wanakokaa viboko, sikuona hata sikio. Ndege walikuwa tele.

Mbele kidogo watoto wa shule waliiona helmeti yangu wakapiga kelele kwa pamoja, "Ciao! Ciao!" Nikawajibu, "Hamjambo wajukuu wa mtume?" Wakanyamaza ghafla, wamefedheheka, kisha mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe ni mtu." Malindi ndivyo tulivyo. Waitaliano wamekaa nasi miaka mingi, na yeyote aliyevaa kaptula ya kubana juu ya baiskeli hana asili nyingine ila Roma.

Nikaiacha barabara kuu nikakata kushoto, kuelekea vilima vya Magarini. Hapo kusi ikanihama. Ilikuwa mgongoni, sasa ikawa ubavuni, halafu miti ikaikata kabisa, kukawa kimya kiasi cha kusikia cheni ikitafuna meno. Udongo ukageuka mwekundu. Mikorosho na miembe pande zote mbili, nyumba za makuti mojamoja, mbuzi wakikutazama kama uliyewakatiza mazungumzo. Magari mawili tu yalinipita kwa muda wa saa nzima, na yote mawili yalipunguza mwendo ili wenyewe wanitazame vizuri.

Kisha barabara ikainuka. Si mlima wa kuandikiwa barua nyumbani. Mtu wa Wundanyi, kule Taita, angeucheka. Lakini mimi ni mtu wa sinia, na miguu yangu haikuwa imefunzwa. Nikashusha gia. Nikashusha nyingine. Nikatafuta ya tatu, nikakuta zimekwisha. Jasho likaingia machoni, na pumzi ikawa inatoka na mlio kama pampu yenye tundu. Nilikuwa nimeinama juu ya usukani, nasukuma pedali moja baada ya nyingine kwa kuzihesabu, nilipoona kivuli kinanipita upande wa kulia. Kivuli cha mtu anayetembea.

Alikuwa mzee, kanga kiunoni, anakokota baiskeli nyeusi iliyofungwa madumu manne ya maji. Anakokota, narudia, wala haendeshi. Na alikuwa ananipita.

"Shikamoo mzee," nikasema, kwa pumzi niliyokuwa nayo.

"Marahaba. Shuka, mwanangu," akanijibu bila kugeuka. "Mlima haukudai."

Nikashuka. Tukapanda pamoja tukikokota, yeye madumu manne na mimi gia kumi na nne, na alinieleza habari ya mvua, bei ya korosho, na mtoto wake aliye Mombasa asiyepiga simu. Juu kabisa alisimama, akatia jiwe chini ya gurudumu, akaniambia nigeuke. Nikageuka. Bahari ilikuwa pale nyuma, mstari mwembamba wa samawati juu ya miti. Mara nne nimepita mahali pale, sijawahi kuiona.

Mteremko ulinilipa kila kitu, kisha ukanipokonya. Nilikuwa naruka kwa raha, shati linapepea, niliposikia "psss" ya tairi la nyuma. Mbigili. Ile miba midogo ya pembe tatu inayotambaa pembezoni mwa barabara, ambayo ikianguka namna yoyote ncha moja inaelekea juu. Nilikuwa na viraka, nilikuwa na pampu, ila chupa ya solushen niliyoinunua mwaka mzima nyuma ilikuwa imekauka ikawa ulimbo.

Nikakokota hadi kwenye vibanda vichache, nikamkuta kijana chini ya mwembe aliyetundika tairi bovu kwenye tawi kuwa tangazo lake. Alichomoa mpira kwa vijiko viwili vya chakula. Akaujaza upepo, akauzamisha kwenye karai la maji kidogo kidogo, akiupitisha viganjani kama avutaye shanga za tasbihi, mpaka vipovu vikatoka. Akapachomeka njiti ya kiberiti ili tundu lisipotee. Akakata kiraka kutoka mpira wa pikipiki, akakikwaruza kwa kopo alilolitoboa kwa msumari, akapaka solushen, akapuliza, akasubiri. Kusubiri ndiko kulikonivutia. Mimi hupachika mara moja kwa pupa. Yeye alivuta kiti akakaa, akanitazama, akasema, "Ikinata kidoleni bado." Alinitoza bei ambayo naona haya kuitaja kwa udogo wake. Nilimwongezea, akakasirika kidogo, kisha akapokea.

Marafa nilifika jua likiwa utosini, saa mbaya kabisa. Wenyeji hupaita Nyari, kwa Kigiriama, mahali palipovunjika penyewe, na ukisimama ukingoni huna haja ya tafsiri. Ardhi imefunguka, ndani mmejaa minara na kuta za mchanga mgumu zilizochongwa na mvua na upepo, tabaka la nyekundu juu ya la chungwa juu ya jeupe. Kijana wa kijijini anayetembeza wageni alinisimulia hadithi ya matajiri waliokuwa na ng'ombe wengi hata wakaoga maziwa, ndipo Mungu akakasirika, ardhi ikawameza. Weupe ule ndio maziwa. Naipenda hadithi hiyo, lakini baada ya asubuhi yangu nilikuwa nawaza jambo jingine: mvua inayochonga pale na mto unaochafua bahari yetu vinafanya kazi moja. Nilikaa kivulini, nikanywa madafu mawili, nikala chapati baridi. Wageni wengi huja wakati wa magharibi kwa ajili ya rangi. Mimi nilikuwa na deni la upepo.

Nilishukia upande wa Gongoni, njia ya vumbi, mikono ikifa ganzi kwa mtikisiko. Karibu na bahari nikaona vilima vyeupe vinang'aa, nikadhani jua limenipanda kichwani. Ilikuwa chumvi, imelundikwa kando ya mabwawa inakokaushiwa. Mbele ya hapo, Ngomeni, ndiko Waitaliano walikorushia setilaiti ya Uhuru kutoka jukwaa la baharini, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri. Roketi ilikwenda juu moja kwa moja. Mimi nilikuwa nakwenda kusini.

Na kusi ilikuwa inanisubiri. Sitaki kuirefusha habari hiyo. Barabara ni tambarare, lami ni nzuri, na nilikwenda mwendo wa punda mgonjwa. Mambrui nilisimama kwa kahawa tungu na kashata. Wazee watatu barazani waliniuliza natoka wapi, nikawaambia. Mmoja, aliyekuwa nahodha wa jahazi zamani, akatikisa kichwa.

"Umekwenda na upepo ukarudi joshi? Kwa siku moja?"

"Ndiyo, mzee."

"Sisi tulikuwa tunangoja miezi."

Nilifika nyumbani baada ya isha, mwekundu kuanzia nyusi hadi soksi. Binamu yangu hakuniuliza kitu. Aliigeuza baiskeli miguu juu uani, akalizungusha tairi la nyuma polepole chini ya taa, akang'oa mbigili mbili zaidi ambazo zilikuwa hazijafika ndani, akaziweka kwenye kisahani cha chai yangu.