Mukwa Njiani Grand Portage

Tulikuwa tumepiga makasia siku nne kandokando ya Ziwa Superior kutoka Thunder Bay, moja kati ya hizo tukiishinda ufukweni kungoja upepo utulie. Asubuhi ya tano tukauvuta mtumbwi nchi kavu pale Grand Portage, Minnesota. Mto Pigeon huingia ziwani kwa maporomoko na makorongo, haupitiki, kwa hiyo kila kitu hubebwa kilomita 13 na nusu hadi Fort Charlotte, mto ulikotulia. Waojibwe, ambao ndiko kwao hadi leo, hupaita Gichi-Onigaming, yaani mahali pakuu pa kubebea.

Kabla ya kampuni ya North West kuhamia Fort William mwaka 1803, wachukuzi wake walipita hapo na marobota mawili kila mmoja, kila robota kilo 41. Blanketi na baruti zilikwenda bara. Zikarudi ngozi za biva, yule mnyama anayejenga mabwawa kwa miti, ili Ulaya wavae kofia.

Kiongozi wetu akanipa ukanda wa ngozi, mpana katikati, ncha zake ndefu. Alipoanza kunieleza unavyovaliwa, mimi nilikwisha kufunga mzigo, nikachuchumaa, nikauweka juu kidogo ya paji, pale nywele zinapoanzia, nikainuka. Akaniuliza nilijifunzia wapi.

"Nyeri," nikamwambia. "Kwa Shosho."

Ulikuwa mukwa! Mukwa uleule nyanya yangu aliobebea kuni kutoka msituni, nami nikimfuata nyuma na kifurushi changu cha vijiti, nina miaka minane. "Tazama unapokanyaga, mlima usiutazame," alikuwa akiniambia. Nikafanya hivyo. Niliona matope, mizizi, mbao zilizotandikwa kwenye kinamasi. Mikono yote miwili ilikuwa imeshika ukanda karibu na masikio, kwa hiyo mbu walininyonya kope bila wa kuwafukuza. Wale wachukuzi walitua mizigo kila baada ya nusu maili hivi, wakavuta kiko. Sisi tulitua tukanywa maji, na nyuzi za shingo zikitetema zenyewe.

Katikati ya njia tukakuta bwawa. Biva walikuwa wameziba kijito, vigogo vimetafunwa vikachongoka kama penseli, weupe bado mbichi. Nilisimama hapo na mzigo wangu muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilifurahi mno kuwaona wamerudi njiani humo humo walimopitishwa babu zao wakiwa ngozi zilizofungwa marobota.

Fort Charlotte hakuna ngome tena, ni nyasi na mahali pa kupiga hema. Nilipouvua ukanda nikapapasa kichwa: palikuwa na mfereji mwembamba. Ulifutika kabla chai haijachemka. Wa Shosho ulikuwa umeingia hadi kwenye mfupa. Akiniosha uso jioni nilikuwa nikiupitishia kidole, kutoka sikio hadi sikio, naye hufumba macho.