Udongo wa Iceland haukaushwi: nilivyoupima baada ya kuharibu sampuli 36

Naandika haya kwa sababu nimechoka na ule usemi wa "udongo ni udongo." Ulinila wiki tano za maabara nikiwa ugenini, na aliyeniambia ni mtu ninayemheshimu sana, fundi wa maabara wa siku nyingi hapa nyumbani. Alinipigia simu usiku mmoja: "Mdogo wangu, usijichoshe. Anika, twanga, chekecha, tia Calgon, soma haidromita. Udongo ni udongo." Calgon ni chumvi ya kutawanya chembe za udongo majini, na haidromita ni kipimo kinachoelea, kinachoonyesha chembe kiasi gani bado hazijazama. Nikamsikiliza. Kwa jambo hilo sitamsikiliza tena.

Nilikuwa Hvanneyri, magharibi mwa Iceland, kwenye chuo kikuu cha kilimo, nikifanya utafiti wa uzamili. Ni kakijiji tu: kanisa, mabweni, zizi la ng'ombe na maabara, na majira ya kuchipua mabata bukini wanatua malishoni kwa mamia mpaka unasahau kilichokutoa ndani. Habari za viza na mkopo wa nauli siziandiki, kila mtu ana zake. Ila ukienda, weka akiba ya nguo za kuzuia upepo kabla ya kitu kingine chochote. Koti langu lilimeza karibu posho ya mwezi mzima na sikulijutia hata siku moja.

Swali langu lilikuwa fupi: upepo ulipobeba udongo wa Iceland, ulibeba nini hasa? Walowezi walipofika nchi ile katika karne ya 9, zaidi ya robo ya ardhi ilikuwa na misitu mifupi ya mibetula. Wakakata kuni na mkaa, wakaachia kondoo, na volkano nazo hazikukaa kimya. Leo mibetula ya asili imebaki kwenye asilimia 1.5 hivi ya nchi. Udongo uliokosa mizizi ukapeperuka, sehemu kubwa ikabaki kokoto na mchanga mweusi. Ndiyo maana tangu 1907 serikali yao ina idara ya kupambana na mmomonyoko, na mwaka 2024 idara hiyo iliunganishwa na ile ya misitu ikawa taasisi moja, Land og skógur. Watu wanaopigana na upepo kwa zaidi ya miaka 100 nawavulia kofia.

Palipovuliwa udongo hubaki vipande vilivyosimama kama keki iliyokatwa, juu nyasi, ubavuni udongo mtupu. Wenyewe wanaviita rofabarð. Nilichimba kwenye vipande hivyo katika bonde la Þjórsárdalur, chini ya mlima Hekla, kisha nikachukua sampuli nyingine hatua chache pembeni, kwenye kokoto. Bonde lile lina saa yake ndani ya ardhi: utepe mweupe wa majivu ya mlipuko wa Hekla wa mwaka 1104, mlipuko unaosemekana uliwahamisha watu wa huko. Unausafisha ukuta kwa kisu, unaona rangi ya kahawia, mstari mwembamba mweusi, kahawia tena, halafu ule mweupe kama unga wa mhogo. Ukiusugua kwa kidole unakwaruza. Udongo wote ulio juu yake umelala hapo baada ya 1104, nao ni mnene ajabu, kwa sababu mashamba ya jirani yalikuwa yakiliwa na upepo na vumbi lake likitua pale. Nilisimama mbele ya ukuta ule nikayakumbuka makorongo ya Kondoa. Ng'ombe kwetu, kondoo kwao.

Basi, nikarudi na mifuko 36. Nikaanika udongo kwenye trei kwa zaidi ya wiki mbili, nikatwanga, nikachekecha kwa chekeche la milimita 2, nikatia Calgon, nikatikisa, nikamimina kwenye silinda ndefu za kioo na kuzamisha haidromita. Mfinyanzi, yaani zile chembe ndogo kabisa zinazonata, ukatoka asilimia 3. Udongo ule ule ambao kule bondeni ulinishika buti! Ndani ya nusu saa maji ya juu yalikuwa meupe kabisa, kila kitu kimezama chini kama mchanga wa mto. Nikaongeza Calgon mara mbili. Nikaacha mashine itikise usiku kucha. Asilimia 3. Nikabadilisha maji nikidhani ndiyo yenye kasoro, nikapima joto la chumba, nikaazima haidromita nyingine. Nikampigia simu yule fundi wa nyumbani, akasema labda sitikisi vizuri. Siku ile nilitamani kurudi nyumbani.

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa maabara, mtu wa maneno machache. Alichukua bonge la udongo mbichi uliosahaulika kwenye mfuko, akanipa: "Finya." Nikafinya kati ya kidole gumba na cha shahada. Mwanzo ulikuwa mkavu-mkavu, wa kawaida tu. Nikazidisha nguvu, ghafla ukalegea, ukatoa maji, ukateleza kama mlenda. Nilipoachia, ukakaza tena. Kisha akanipa ule niliouanika na kuulowesha upya. Nilifinya mpaka kucha ikauma. Mchanga tu. Hakuniambia neno jingine, na halikuhitajika.

Huu ni udongo wa majivu ya volkano. Mfinyanzi wake si vile vibapa tulivyochorewa darasani. Ni alofani, vijipira vyenye uwazi ndani, na ferihidraiti, ile kutu laini ya chuma. Vinashika maji mengi kupita kiasi. Ukivikausha, vinasinyaa na kushikana, na vingi havirudi tena hata uviloweke mwaka. Vinakuwa punje, na haidromita inazihesabu kama mchanga. Calgon nayo haivitawanyi hata vikiwa vibichi, maana chaji za alofani si zile za mfinyanzi wa kawaida. Kwa hiyo sampuli zangu niliziua mimi mwenyewe, kwa kufuata kanuni iliyoandikiwa udongo mwingine.

Nilirudi bondeni mara ya pili kwa hela ya mafuta niliyochangiwa na wenzangu wa bwenini. Kule fungua mlango wa gari kwa mikono miwili, upepo unaung'oa. Safari hii kila sampuli ilifungwa kwenye mifuko miwili ya plastiki, hewa imekamuliwa, ikaingia friji jioni ile ile. Unyevu nilipima kwa kijisehemu cha pembeni kilichokaushwa kwa nyuzijoto 105, ndicho nilichotumia kugeuza hesabu zote ziwe za uzito mkavu. Sampuli yenyewe haikuguswa na jua.

Na sasa ujanja ninaoupenda kuliko yote. Chukua karatasi ya kuchujia, ilowanishe na fenoftalini, dawa inayogeuka waridi ikikutana na alkali, ikauke. Weka udongo kiasi cha punje ya mahindi, dondoshea mmumunyo wa sodiamu floraidi. Floraidi inang'ang'ania alumini ya alofani na kuisukuma nje haidroksidi, na karatasi inageuka waridi. Ule wa kwenye kipande kilichosimama uligeuka kabla sijaweka chupa chini, duara la waridi likitambaa kutoka kwenye punje kama chai inavyolowesha kitambaa. Wa kokoto ulijivuta, ukaishia kwenye waridi hafifu. Ukitaka namba, gramu 1 kwenye mililita 50 za sodiamu floraidi, subiri dakika 2, soma pH: ikipita 9.4 alofani unayo. Mimi nilisoma 10.7. Vaa glavu, hiyo ni sumu. Na dondoshea asidi kwanza kwenye kijisehemu kingine: udongo ukitoa povu una chokaa, nayo itakugeuzia karatasi ikudanganye.

Kiasi kamili nilikipata kwa kuyeyusha na amonia oksaleti ya asidi, saa 4 za kutikisa gizani, chupa zimefungwa karatasi ya alumini kwa sababu mwanga unavuruga mmenyuko. Silikoni inayotoka unazidisha kwa 6, unapata makadirio ya alofani. Chuma kwa 1.7, unapata ferihidraiti. Zile asilimia 3 zangu zikawa zaidi ya 20 kwenye ukuta wa udongo. Kwenye kokoto hazikufika 5. Hapo nikawa nimejibiwa: upepo ulibeba tangi la maji la nchi nzima, ukaacha mifupa.

Nimerudi kwetu Isongole, Rungwe, ambako udongo nao ni majivu ya volkano, mweusi, mwepesi, unaoteleza vidoleni vivyo hivyo. Wiki iliyopita nilimdondoshea mjomba punje moja kwenye karatasi kando ya shamba lake la viazi. Ikawa waridi papo hapo. Akauliza, "Sasa hiyo rangi inanisaidia nini mimi?" Nikamwambia alumini hiyo hiyo inayong'ang'aniwa na floraidi ndiyo inayoikamata fosforasi ya mbolea yake ya DAP akiimwaga shamba zima, kwa hiyo aiweke kwenye mfereji, karibu na mbegu, isikutane na udongo mwingi. Alikaa kimya akiitazama karatasi, kisha akamwita kijana wake alete jembe, wakaanza kuchora mifereji mstari wa kwanza.

Mistari 4 imewekewa hivyo, 4 imemwagiwa kama zamani. Sampuli za shamba ziko kwenye friji ya shangazi, mifuko miwili-miwili, chini ya maziwa, na nimebandika karatasi mlangoni: zisitolewe, zisianikwe.