Sarafu za Simu

Baba yangu alikuwa mtu wa maneno machache. Mengine alimwachia Jim Reeves, mwimbaji wa Marekani wa muziki wa kantri. Jumapili jioni, kwetu Nakuru, kaseti ilichezwa mpaka betri zikachoka na sauti ikaanza kuburuta. Wimbo wake ulikuwa "He'll Have to Go": mwanamume yuko baa, anampigia simu mpenzi wake huku akijua kuna mwingine kando yake. Hafoki. Anamsihi asogeze mdomo kwenye simu, na kama hawezi kusema wazi, ajibu tu ndiyo au la.

Mwaka 1993 mama alihamia kwa kaka yake, mwenye duka lenye simu. Siku ya nane baba akanichukua hadi kibanda cha simu nje ya posta. Nilikuwa na miaka tisa. Kazi yangu ilikuwa kushika sarafu na kumpa moja moja. Zilikuwa zimelowa jasho.

Mjomba ndiye aliyepokea. Nilijua kwa jinsi baba alivyosimama wima na kusalimia kama yuko mbele ya chifu. Mama alipokuja, bila shaka mjomba hakuondoka, maana baba alinyamaza kidogo, akakinga simu kwa kiganja, akashusha sauti mpaka ikawa ya Reeves mwenyewe.

"Mama Wanjiru, sogea karibu na simu. Kama bado yuko hapo, sema tu ndiyo au la."

Nilicheka. Hakuniangalia.

Siku hizi najua kwamba wimbo wenyewe ulizaliwa kwenye simu ya mke na mume. Audrey Allison alikuwa na sauti ndogo, na mumewe Joe alikuwa akimwomba asogeze mdomo, wakautunga pamoja. Reeves aliurekodi Nashville, Oktoba 1959, Chet Atkins akisimamia, sauti iko chini, mdomo karibu na maikrofoni. Kampuni iliuweka upande wa pili wa santuri! Watangazaji wa redio ndio walioigeuza, na mwaka 1960 ukakaa kileleni mwa chati ya kantri wiki 14.

Pale kibandani baba aliuliza swali ambalo sikulisikia, lori lilipita likipiga honi. Sarafu ya mwisho ikadondoka. Akasikiliza. Laini ikakatika.

"Umebaki na ngapi?"

"Zimeisha, Baba."

Akatoa noti ya hamsini, akaikunjua taratibu. "Kimbia pale kwa kinyozi, uombe chenji."