Kozi moja, mifumo mitatu: nilivyoigawa kwa SCORM 1.2

Shirika ninalofanyia kazi lina kozi ya mnyororo baridi wa chanjo. Inamfundisha mhudumu wa zahanati kutunza chanjo kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, kusoma kipimajoto, kutambua kichupa kilichoganda, na la kufanya jokofu likizima. Tuliitengeneza kwa ajili ya mfumo wetu wenyewe wa kufundishia mtandaoni. Baadaye chuo kimoja cha uuguzi kinachotumia Moodle, mfumo wa bure wa kazi hiyohiyo, kikaiomba, na mshirika wetu mwingine, mwenye mfumo wa kulipia, naye akaitaka. Kazi ya kuigawa nikapewa mimi.

Njia ya mkato ilikuwa kuwapa video na PDF, kila mmoja ajijengee. Niliikataa kwa sababu ya jaribio la mwisho. Mwanafunzi anaoneshwa picha ya rejista ya joto ya wiki nzima, kisha anaamua chanjo ipi bado nzima na ipi itupwe. Jaribio kama hilo likiandikwa upya kila mahali, baada ya mwaka mnakuwa na majaribio matatu yenye jina moja na majibu tofauti. Kwenye chanjo huo si mzaha.

Kiwango ambacho mifumo yote mitatu ilikuwa inakielewa ni SCORM, yaani kanuni za kufungasha kozi za mtandaoni na za kozi kuzungumza na mfumo. Kimetoka kwenye mpango wa ADL, ulioanzishwa mwaka 1997 chini ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani ili kozi ikishatengenezwa itumike kwenye mfumo wowote. Kabla yake wenye viwanda vya ndege walikuwa na chao, AICC, tangu 1988. Mimi nilichagua SCORM 1.2, toleo la mwaka 2001, na wenzangu ofisini wakanishangaa: kwa nini uchukue la zamani wakati lipo la 2004? Jibu langu lilikuwa fupi. Moodle inatumia 1.2, haitumii la 2004. Mfumo wa mshirika unapokea yote mawili. Kwenye kushirikiana unachukua kile ambacho kila mtu anacho.

Kifurushi chenyewe ni zipu yenye kurasa za kozi na faili moja liitwalo imsmanifest.xml, ambalo ndilo linaloueleza mfumo kuna nini ndani na uanzie wapi. Faili hilo lazima likae juu kabisa, si ndani ya folda. Kwa hiyo ukitengeneza zipu, chagua mafaili yaliyomo ndani ya folda, usibofye folda yenyewe. Nimeandika sentensi hiyo kwenye barua pepe mara nyingi kuliko nyingine yoyote.

Ukurasa wa kozi ukifunguka, unatafuta kwenye madirisha yaliyouzunguka kitu kinachoitwa API, ambacho mfumo umekiweka hapo. Ukikipata, unaita amri ya kuanza, LMSInitialize, unaandika alama na hali ya mwanafunzi, mwishoni unaita ya kufunga, LMSFinish. Mazungumzo yote hayo yanafanyika ndani ya kivinjari. Hapo ndipo ombi la mshirika lilipokwama. Yeye alitaka kozi ibaki kwenye seva yetu, kwake kuwe na kiungo tu, ili tukisahihisha kitu kionekane kote papo hapo. Wazo zuri, ila kivinjari hakiruhusu ukurasa wa anwani moja kuingia kwenye dirisha la anwani nyingine, kwa usalama wa watumiaji. Kazi hiyo inafaa LTI, kiwango cha kuunganisha mfumo na kozi iliyo kwenye seva nyingine, na leseni aliyolipia haikuwa nayo. Tukakubaliana kila mmoja awe na nakala yake, na ukurasa wa kwanza uoneshe namba ya toleo na tarehe.

Kilichotaka subira zaidi ni swali linaloonekana dogo: nani amemaliza?

Tulianza na kundi dogo la majaribio kule chuoni. Dada wa TEHAMA akanipigia: "Kaka, watu wako wote wamefika mwisho, lakini hakuna aliyepata cheti."

"Ripoti inasema hali yao ni nini?"

"Completed."

"Na cheti umekiwekea sharti gani?"

"Passed."

SCORM 1.2 ina sehemu moja tu ya hali, cmi.core.lesson_status. Kumaliza na kufaulu vinagombania kiti kimoja. Jaribio lilikuwa linaandika "passed", kisha ukurasa wa shukrani, kwa mpangilio uliokuja na programu ya kutengenezea kozi, unaandika "completed" juu yake. Toleo la 2004 lilitenganisha mambo hayo mawili, na kwa hilo ninalisifu. Nilizima ukurasa wa mwisho usiandike chochote, jaribio pekee ndilo liseme "passed" au "failed" kwa alama 80 kati ya 100, kisha nikawaandikia wote watatu waraka wa ukurasa mmoja wa makubaliano hayo. Nadhani waraka ule ulisaidia kuliko programu yoyote. Kiwango kinasema sehemu ipo. Hakisemi ninyi mtaitumiaje.

Kero nyingine ilitokea kwa wanaosoma kwa simu. Mtu anafika katikati, umeme au bando linakatika, akirudi anajikuta amerudishwa nyuma. Sababu zilikuwa mbili. Kwanza, kumbukumbu ya mwanafunzi alipofikia inakaa kwenye suspend_data, ambayo katika 1.2 ina nafasi ya herufi 4,096 tu. Kozi ndefu inayokumbuka kila slaidi na kila jibu inazijaza, na kila mfumo una tabia yake zikijaa. Niliikata kozi kuwa moduli fupi, kila moja kifurushi chake. Hilo likapunguza pia MB za kupakua, jambo ambalo wahudumu walilishukuru kuliko mengine yote. Pili, kwenye simu mtu hafungi kozi, anakitupa kivinjari kwa kidole, na LMSFinish haiitwi. Sasa kila ukurasa unaita LMSCommit, amri ya kuhifadhi, kwa hiyo kinachopotea ni ukurasa mmoja.

Mifumo ilipobishana na kifurushi, nilikipakia kwanza SCORM Cloud, huduma ya mtandaoni ya kujaribia vifurushi. Kikienda vizuri huko, tatizo linatafutwa kwenye mipangilio ya mfumo. Kikikwama huko pia, ninarudi kwangu bila kubishana na mtu.

Matokeo ya zamani hayasafiri. SCORM inabeba kozi, haibebi historia ya waliosoma, kwa hiyo wahudumu waliokwisha kufaulu kwetu niliwapeleka kwa jedwali la Excel na chuo kikawaingiza kwa mkono.

Sasa mshirika anauliza kuhusu xAPI, kiwango kipya zaidi cha kurekodi mafunzo, kwa sababu anataka kurekodi pia mazoezi ya vitendo kwenye jokofu halisi, nje ya kivinjari. Inawezekana: sentensi za nani, kafanya nini, kwenye kitu gani, zinatumwa kwenye hifadhi yake maalumu ya rekodi. Nimemwambia atafute kwanza hiyo hifadhi na mtu wa kuitunza, ndipo nianze kubadilisha moduli.