Skrubu moja kwenye kikombe

Saa tano usiku. Kesho naingia zamu alfajiri na usingizi hauji, kwa sababu ya swali la shemeji: "Hakuna skrubu iliyobaki?"

Nililalamika hapa kabla theluji haijaanza kwamba vyombo vinatoka kwenye mashine ya kuoshea na utelezi wa mafuta. Kidonge cha sabuni nilikikuta mzima kila asubuhi, kimelowa upande mmoja tu, mfuniko wa kisanduku chake umefungwa vilevile. Kwanza niliishuku trei kubwa ya pilau kwamba inauzuia. Nikaendesha mashine tupu, kidonge kikabaki palepale. Fundi niliyempigia alitaja bei ya kuja kutazama tu. Nikamshukuru, nikaagiza kisanduku kipya.

Jumamosi nikazima umeme wa mashine kwenye boksi la swichi kule chini, nikaanza na skrubu za kingo za mlango. Vichwa vyake ni vya nyota, bisibisi ya kawaida haizishiki. Nilizitia kwenye kikombe cha chai: ndefu za juu zinazoshika paneli ya vitufe, na fupi za pembeni. Bati la mbele likishatoka mlango unakuwa mwepesi na springi zinauvuta juu kwa nguvu, kwa hiyo Salma aliukandamiza kwa mikono miwili muda wote. Nilipiga picha ya nyaya kabla ya kuzichomoa. Ndani ya kile kisanduku kuna kijipande chenye nta: umeme ukikipasha moto, nta inatanuka, inasukuma kipini, mfuniko unaachia. Chetu kilikuwa hakisukumi tena. Kipya nilikibana polepole, nikapitisha kidole kwenye mpira wake pande zote nne, maana ukipinda hapo maji yanapenya hadi kwenye nyaya.

Nikafunga kila kitu. Kikombeni ikabaki skrubu moja, fupi.

Jioni shemeji akaja kumpongeza Baba Salma, ambaye Jumatano alipata ile barua ya kazi tuliyoingoja tangu Ramadhani. Akaona boksi tupu jikoni.

"Mmemwita fundi?"

"Kafunga Mama Salma."

Akainama, akapapasa ukingo wa mlango, akamtazama Baba Salma, si mimi. "Hakuna skrubu iliyobaki?"

"Muulize fundi mwenyewe, kaka."

Ndipo akanigeukia. "Eti, shemeji?"

"Hakuna."

Kikombe kilikuwa nyuma ya birika, hatua mbili kutoka aliposimama.

Swali lake lilinichoma kwa sababu halikuelekezwa kwangu, hilo nakubali. Lakini linaloniuma zaidi ni kwamba mume wangu aliniita fundi mbele ya kaka yake, bila kucheka, na neno langu la kwanza baada ya hapo likawa uongo. Kule kwetu Ngamiani, Tanga, fundi cherehani wa barazani kwetu alikuwa akikurudishia hata kipande cha kitambaa kilichobaki, kidogo kama kiganja, amekikunja vizuri. Nimemfikiria sana mzee yule wiki hii.

Jana usiku wote walipolala nilizima tena umeme, nikajilaza sakafuni na tochi. Tundu lake lilikuwa kona ya chini kushoto, limefichwa na kile kibati cha miguuni. Skrubu ikaingia kwa mizunguko sita. Nikapanga sahani za pilau, nikatia kidonge, nikawasha, nikakaa pale pale nimeegemea kabati. Maji ya kwanza yakapita, yakamwagwa, yakaingia mapya. Kisha nikausikia mfuniko: tak! Moyo wangu ukaruka. Nikabaki nimekaa gizani nasikiliza maji yakiruka ndani, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi nikaona fahari ya kazi ya mikono yangu. Asubuhi Salma alipitisha kidole kwenye sahani, ikalia kwi.

Shemeji atakuja Jumapili. Nitamwambia kabla hajavua koti.

Sasa huko Tanga ni saa mbili asubuhi na mama hapokei simu. Jana alinitajia, katikati ya habari za harusi, kwamba dawa yake ya presha ya macho imeisha tangu Ijumaa na anangoja mwisho wa mwezi anunue nyingine. Nimetuma hela. Meseji inaonyesha imefika, haijasomwa.