Barua mbili za mwaliko

Ukiniuliza kwa nini mimi ni Mwanglikana, jibu la kweli ni jiografia. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, aliwaleta Masasi watu waliotolewa utumwani, na kwa babu yangu kukawa upande huo. Mwaka 1895 Wabenediktini wa Kijerumani wakafungua misheni Lukuledi, si mbali, kisha Ndanda mwaka 1906. Kina bibi wakawa Wakatoliki. Hakuna aliyekaa chini kupima mafundisho.

Na tunavyofanana! Sisi wa UMCA tuna padri, misa na ubani. Mgeni ambaye hakuona kibao mlangoni atatugundua pale tu Papa asipotajwa kwenye sala. Binamu yangu alipoolewa na Mkatoliki, paroko alitaka cheti chake cha ubatizo basi. Hakumwagiwa maji tena.

Mdogo wangu alimwagiwa. Tena si kumwagiwa, alizamishwa mtoni na kanisa la turubai la mtaani kwetu. Mama alinyamaza siku nzima, jioni akauliza, "Kwa hiyo mimi nilimbeba kwenda kanisani bure?" Hapo ndipo farakano linapouma, si kwenye vitabu. Ila simcheki mdogo wangu. Yeye angalau alichagua.

Msimu wa korosho kanisa hilo nalo likapasuka, kisa sadaka. Viti havikuleta shida, kila muumini alinunua chake na jina kaliandika nyuma kwa maka peni. Kazi ilikuwa spika na kinanda, mali ya michango. Wakagawana: mchungaji spika, mwinjilisti kinanda. Sasa ng'ambo hii kuna sauti bila muziki, na ng'ambo ile kuna muziki usiovuka barabara. (Mdogo wangu yuko kwenye kinanda.)

Kila Januari, tarehe 18 hadi 25, ni Wiki ya Kuombea Umoja wa Wakristo. Sisi na Wakatoliki tunaalikana, tunakunywa chai, tunapongezana. Umoja rahisi huo, ugomvi wetu ulishachakaa. Wa turubai hawaitwi. Nilimuuliza padri, akasema, "Barua tumpelekee nani? Wako wawili."

"Ziandikwe mbili, baba."

Akacheka, lakini hakukataa. Kasema nilete majina ya wapokeaji kabla ya Krismasi, na la mwinjilisti ninalo tayari.